Kutoka Ronge hadi sinia la jahazini

Kabla treni za Reli ya Uganda hazijapata mabehewa ya kulia, abiria aliyeondoka Mombasa mchana alijua chakula chake cha jioni kinamsubiri Voi. Treni ilisimama, watu wakashuka kuingia kwenye nyumba ya wageni ya reli, wakala, kisha wakapanda tena kukabili baridi ya usiku kuelekea bara. Wengi walioandika kuhusu safari hizo hawakukisifu chakula cha Voi. Nyama ilikuwa ngumu, supu haikueleweka. Lakini walikula pamoja, wageni kwa wenyeji wa reli, na kwa miaka mingi baadaye walikuwa bado wanakizungumzia.

Siku hizi sisi wa vilima vya Taita ndio tunaoshuka. Kundi letu ni la marafiki tuliosoma pamoja huko Ronge, sasa tumetawanyika: wengine wako Mwatate, wengine Voi mjini, mmoja anauza mboga soko la Kongowea, Mombasa. Mwaka unapokaribia kwisha huchanga fedha tukaenda kula baharini. Mtu akisikia hivyo hudhani tuna pesa. La, tuna chama.

Safari huanzia stesheni ya SGR ya Voi, inayopokea abiria tangu mwaka 2017. Ndani ya treni huuzwa chai, soda na vitafunio, ila nani atanunua sandwichi wakati mwenzake amefungasha kimanga? Kwa asiyekijua, kimanga ni muhogo na maharagwe yaliyochemshwa yakapondwa pamoja kwa mwiko mpaka yakashikana. Wapo wanaotia ndizi au viazi. Hakina mchuzi wa kumwagika, hakiharibiki upesi, na kijiko kimoja kinakushikilia mpaka Mariakani. Ningeulizwa ni chakula gani kilibuniwa kwa ajili ya msafiri, ningejibu hicho, ingawa waliokianzisha walikuwa wanawaza shamba, si treni.

Safari iliyopita, Mombasa tulikula kwanza nchi kavu, na hapo lazima mtu ajizuie. Mahamri na mbaazi za nazi asubuhi mitaa ya Mji wa Kale. Viazi vya karai vyenye rangi ya manjano, vikichovywa kwenye ukwaju. Alasiri, pale Mama Ngina upande wa Lighthouse, mihogo ya kuchoma iliyopasuliwa katikati ikapakwa pilipili na ndimu, huku meli za mizigo zikipita karibu kiasi cha kusoma majina yake. Mwenzetu mmoja alikula mihogo miwili, akashushia na dafu, akaongeza bhajia. Tulimwonya.

Jahazi tulilokodi halikuwa la kifahari. Lipo la kifahari, lile la mgahawa wa Tamarind kule Nyali, ambalo wageni huvaa vizuri kulipanda na muziki hupigwa. Letu lilikuwa na mkeka, mito kadhaa, na mpishi mzee aliyetukaribisha kwa kutuambia, “Wanangu, vueni viatu, na asiyejua kukaa chini ajifunze sasa.” Jiko lake lilikuwa la makaa, limekalishwa ndani ya sanduku la mbao lililojazwa mchanga ili moto usiguse ubao wa chombo. Wali wa nazi alikuwa amekwisha kuupika nyumbani. Aliuleta ndani ya sufuria lililofunikwa na kuzungushiwa blanketi zito, na ulipofunuliwa baadaye ulikuwa bado unatoa mvuke.

Kazi ya chomboni ilikuwa samaki. Alikuwa na changu waliopasuliwa mgongoni, wakasuguliwa chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Aliwachoma mpaka ngozi ikakauka, kisha akaanza kuwapaka tui zito lililochemshwa na binzari, pilipili na ukwaju. Alipaka, akageuza, akapaka tena. Tui linapodondoka kwenye makaa hutoa moshi, na moshi huo humrudia samaki. Ndiyo sababu samaki wa kupaka wa jiko la gesi huwa na ladha ya kupwaya, hata apikwe na fundi gani. Hakuwa na haraka. Hakuwa pia na nafasi: sahani mbili, kisu kimoja, ndoo moja ya maji. Nadhani ufinyu ule ndio uliomlazimisha kupika kitu kimoja vizuri badala ya vitu kumi ovyo.

Chakula kiliwekwa kwenye sinia mbili, tukazizunguka. Ni desturi ya kale ya vyombo hivi. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na jahazi la Wakuwaiti kuja pwani yetu mwaka 1938 na 1939, alikuta mabaharia wakizunguka sinia za wali na samaki hivyohivyo. Kula sinia moja kuna adabu yake: unakula mbele yako, mnofu mzuri unausogeza kwa mwenzako, na anayeshiba mapema hainuki kwa kishindo. Marafiki wanaopigiana simu mwaka mzima kuhusu madeni walisogezeana minofu bila kutajiana senti.

Tulipovuka Fort Jesus na kukaribia mlango wa bandari, wimbi la bahari kuu likatuinua, na yule wa mihogo miwili akanyamaza. Nahodha alimtazama mara moja tu, akageuza chombo kurudi kwenye maji tulivu ya mkondo wa Tudor, penye mikoko. Mwenzetu akapewa kipande cha tangawizi atafune na kuambiwa aangalie nchi kavu. Ukikodi jahazi la kula, basi, omba chakula kiliwe mkondoni. Nje, tumbo lililokulia mlimani litakuaibisha.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa kachumbari. Mwenzetu wa Kongowea alichukua jani la kotimiri, akalinusa, akasema hilo ni la Taita. Pengine alikuwa anajigamba, ila hakuwa mbali na ukweli. Mboga za Wundanyi na vijiji jirani zimekuwa zikishuka kwenda masoko ya Mombasa tangu enzi za mkoloni, na malori yake huondoka usiku ili kabichi isinyauke. Maji nayo ni hivyo. Tangu miaka ya 1950 Mombasa hunywa maji ya chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, kaunti yetu, yakiletwa kwa bomba refu linalopita kwenye vijiji ambavyo akina mama bado hutafuta maji kwa punda. Malalamiko hayo kila mtu wa Taita Taveta anayajua, wala sitayamaliza hapa. Lakini nilipokuwa nikila ule wali, nilijua kuwa huenda maji yake yametoka kwetu, na utamu ulichanganyika na kinyongo kidogo.

Chombo cha baharini hakijawahi kujitosheleza. Vasco da Gama alipofika Mombasa Aprili 1498, mabaharia wake walikuwa wamekwisha kuugua kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vyakula vibichi. Mfalme wa Mombasa alimpelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Mapokezi yaligeuka uhasama baadaye, ila matunda yalikwisha kuliwa. Mwaka uliofuata, akirudi kutoka India na watu wake wakifa, alituma watu Malindi kutafuta machungwa.

Meli za kitalii zinazotia nanga Kilindini siku hizi hazina shida hiyo. Zina majokofu, wapishi wengi na migahawa kadhaa ndani. Abiria hushuka asubuhi, na baadhi hupandishwa mabasi kuja Tsavo, wakapita Voi na kwenda kutazama tembo kwenye bwawa la hoteli ya Salt Lick. Kwa siku moja hiyo wanakula chakula cha boksi au bafe ya hoteli, kisha jioni wanawahi karamu ya melini. Siwalaumu, wameilipia. Ninaowalaumu ni wenye kupanga ziara. Voi ina mama lishe wanaopika pilau na ndizi za nyama, na Wataita wanaojua kuponda kimanga. Kituo cha dakika 40 kingetosha. Msafiri wa mwaka 1905 alikula Voi kwa kukosa njia nyingine. Wa leo apewe angalau nafasi ya kuchagua.

Sisi mwaka huu tunabishana kuhusu kisiwa cha Wasini. Wanaoitaka wanasema upande jahazi Shimoni, uogelee Kisite, kisha ushuke kisiwani kula kaa chini ya kivuli, yaani chombo na nchi kavu kwa siku moja. Tarehe zinatafutwa katika miezi ya kaskazi, bahari ikiwa pole. Mwenzetu wa mihogo amesema atachanga kama kawaida, ila yeye atatungoja Shimoni, na fungu lake la kaa tumletee.