Kuihoji Diski Kabla ya Mfumo Kuamka

Katika seva za SPARC zilizoundwa na Sun Microsystems, kampuni ya Marekani iliyonunuliwa na Oracle mwaka 2010, mna programu ndogo iliyotiwa ndani ya chipu ya ubao mkuu, iitwayo OpenBoot, ambayo huamka kabla ya mfumo endeshi wa Solaris, na ambayo, ikizuiwa isiendelee, huandika kwenye skrini herufi mbili tu, ok, kisha ikangoja amri. Wako mafundi wazionao herufi hizo kuwa ni dalili ya msiba. Mimi naziona kuwa ni neema, maana hapo ndipo fundi awezapo kuihoji diski ana kwa ana, pasina mfumo endeshi kuwa baina yao, akapambanua baina ya maradhi ya chombo chenyewe na maradhi ya yale yaliyoandikwa ndani yake.

Amri ya probe-scsi-all hupita katika kila njia ya SCSI, ikaorodhesha kila kifaa kilichoitika: namba yake, aina yake, mtengenezaji wake na modeli yake. Lakini yataka hadhari, kwani mtu aliyeisimamisha Solaris ghafla kwa kubonyeza vitufe vya Stop na A, kisha akaitoa amri hiyo papo hapo, aweza kuiona seva imeganda, kwa sababu vidhibiti vya diski vingali katika hali vilimoachwa na mfumo. Sharti kwanza mpangilio wa auto-boot? uwekwe false, ifuate amri ya reset-all, ndipo maswali yaanze.

Diski isipoitika, isihukumiwe kuwa imekufa. Ikiwa vifaa vyote vya njia moja vimenyamaza, tuhuma ziuelekee waya, kidhibiti, au taminata (terminator) ya mwisho wa njia. Ikiwa imenyamaza moja tu, ihamishiwe tundu jingine, na ikiitika huko, mkosa ni tundu. Aghalabu diski nzima hutupwa kwa kosa la waya uliolegea, nayo ni hasara isiyo na udhuru.

Amma diski iliyoitika lakini ikashindwa kupakia mfumo, habari zake zimo katika maneno ya kosa. «Bad magic number in disk label» maana yake lebo, yaani maandishi ya mwanzo yaelezayo mgawanyo wa diski, imeharibika au haipo. «The file just loaded does not appear to be executable» maana yake programu ya kuamshia mfumo ndiyo mbovu. Huandikwa upya kwa installboot, baada ya kuiamsha seva kutoka CD kwa boot cdrom -s.

Lipo na kosa jingine lililowapotosha wengi, «Timeout waiting for ARP/RARP packet», ambalo humfanya fundi akimbilie kukagua nyaya za mtandao, ilhali boot-device, yaani mpangilio wa vifaa vya kuamshia mfumo, imeandikwa «disk net», na seva haikuugeukia mtandao ila baada ya kuikosa diski. Kabla ya kushika waya wowote, atazame kwa printenv boot-device, kisha kwa devalias ahakikishe kwamba jina disk laelekeza kwenye diski ile ile iliyoitika.