Kichwa kimegoma? Toka nje, hadithi ziko mtaani!

Hivi ni nani aliyewaambia kwamba ili uandike hadithi lazima ujifungie chumbani, usubiri wazo likushukie kama mvua? Utasubiri sana, mshikaji wangu! Utakesha na kalamu mdomoni, na karatasi itabaki nyeupe pee.

Vijana wengi wanaoanza kuandika wana ugonjwa mmoja. Mtu kazaliwa Manzese, kakulia Manzese, lakini hadithi yake inaanzia New York, jambazi anaitwa Johnny na theluji inaanguka. Theluji kaiona wapi? Kwenye video! Msomaji akimaliza aya mbili anajua anadanganywa, anafunga karatasi na kwenda zake.

Waliotutangulia hawakwenda mbali hivyo. Adam Shafi, katika kitabu chake Kuli cha mwaka 1979, aliwachukua makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Marehemu Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, na alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, binti yake wa kitabuni alimtoa huko huko. Hata Muhammed Said Abdulla, aliyetoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alimpa mpelelezi wake Bwana Msa kiko mdomoni kama cha Sherlock Holmes, lakini kesi zenyewe ni za Unguja.

Sasa wewe uanzie wapi? Anzia kwenye daladala. Usijifanye umelala! Tazama yule mama aliyekumbatia bahasha kubwa ya eksirei. Anatoka hospitali au ndiyo kwanza anakwenda? Kaambiwa nini? Nyumbani anasubiriwa na nani, na huyo atamficha au atamwambia? Hapo hujaandika hata neno moja, lakini hadithi unayo. Ulichokiona bado si wazo. Wazo ni lile swali linalokusumbua baada ya kukiona.

Pili, tembea na kijidaftari. Swali zuri likikujia kituoni, liandike hapo hapo, mstari mmoja tu unatosha. Ukisema utalikumbuka ukifika nyumbani, ukifika utakumbuka njaa.

Lakini kaka na dada zangu, hapa pana mtego. Nyumba zetu hizi za kupanga, ukuta ni mmoja. Unasikia ugomvi wa chumba cha pili, na shoga yako anakuletea siri zake zote huku analia. Ukiimwaga siri hiyo kama ilivyo, na rangi ya geti ukataja, umevunja ndoa ya mtu ili wewe usifiwe! Chukua uchungu, mwenyewe muache. Fundi cherehani mfanye mwalimu, Temeke ifanye Mwanza, mke aliyekimbia awe mume. Kama bado watu watamtambua, achana nayo. Hadithi ziko tele, ila rafiki wa kukuamini ukimpoteza humpati tena.

Basi leo ukitoka kazini au sokoni, rudi na maswali matatu kwenye daftari lako. Mawili yatakufa kabla ya chakula cha usiku. Lile la tatu likikunyima usingizi, amka, washa taa, uandike!