Hofu ya usaili isiwanyime ajira vijana wa Mbulu, Hanang

KIJANA wa Haydom au Katesh anapoliona jina lake kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili, furaha yake huweza kudumu siku moja tu. Kesho yake huanza maswali. Wenzangu wa mjini hawanizidi? Nikikosea Kiswahili je? Wakiniuliza uzoefu nitasema nini, wakati tangu nimalize chuo nashinda shambani kwa baba?

Siku hizi usaili haukwepeki. Hata walimu, ambao kwa miaka mingi walizoea kupangiwa vituo bila kuhojiwa, mwaka 2025 walifanyiwa usaili mikoani. Nao una gharama. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hueleza wazi kwamba msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi.

Kwa familia ya mkulima, safari ya Babati au Dodoma inaweza kumaanisha kuuza mbuzi au gunia la mahindi. Kijana anayejua kilichouzwa ili yeye asafiri huingia chumbani na mzigo mwingine mabegani. Mzigo huo ndio humfanya ajikaange kwa mafuta yake mwenyewe.

Wengi humwambia "jiamini". Ushauri huo hautoshi, kwani kujiamini hakuji kwa amri. Huja pale mtu anapokuwa na jambo la kweli la kusema, na vijana wa wilaya hizi wanayo mengi, ila hawayahesabu kuwa ni uzoefu.

Mathalani, mwombaji wa nafasi ya mtendaji wa kijiji anaweza kuulizwa kama amewahi kusuluhisha mgogoro. Asikimbilie maana ya mgogoro iliyoandikwa kwenye daftari la chuo. Kama aliwahi kuwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, au alikaa kwenye kikao cha kutathmini hasara baada ya ng'ombe kuingia shamba la mahindi, hilo ndilo jibu. Aeleze hali ilivyokuwa, jukumu lake lilikuwa nini, alichukua hatua gani na mwisho ukawaje. Ni mambo manne yanayotosha dakika mbili.

Vivyo hivyo kwa anayeomba kazi ya ugani. Aliyelima vitunguu swaumu Mbulu aseme alivuna magunia mangapi, alivikausha kivulini kwa siku ngapi na vilioza kiasi gani. Anayekumbuka hesabu za shamba lake hana muda wa kuwaza anavyotazamwa.

Lugha nayo huwatia wengi hofu. Kwa watoto wengi wa Kiiraqw na Kidatoga, Kiswahili ni lugha ya pili. Lafudhi ya nyumbani si kosa. Kosa ni kujibu mbiombio ili mahojiano yaishe. Swali lisipoeleweka, msailiwa aombe kwa heshima lirudiwe, na anyamaze kidogo apange jibu kabla ya kulitoa.

Iko pia hofu inayotokana na karatasi, ambayo haiondoki kwa maneno ya kutia moyo. Majina ya Kiiraqw na Kidatoga yana sauti zisizomo katika Kiswahili, hivyo ni rahisi jina moja kuandikwa namna moja kwenye cheti cha kuzaliwa na namna nyingine kwenye cheti cha kidato cha nne. Matangazo ya usaili hudai vyeti halisi, na majina yakitofautiana huhitajika hati ya kisheria. Avikague vyeti vyake mapema, asingoje kusumbuka mlangoni.

Kwa wanaotetemeka kabla ya mtihani wa mchujo, lipo jambo jingine la kujaribu. Mwaka 2011 watafiti Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa wanafunzi wenye hofu walioandika wasiwasi wao kwa dakika 10 kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi. Wasiwasi ukihamia kwenye karatasi, akili hupata nafasi ya kufanya kazi. Kalamu na daftari havihitaji mtaji.

Wazazi nao wana sehemu yao. Kumkumbusha kijana kila jioni kwamba mbuzi ameuzwa kwa ajili yake hakumsaidii. Afadhali baba au mjomba aketi, ajifanye mjumbe wa jopo na kumwuliza maswali matano.

Akikosa nafasi, jioni ile ile aandike maswali yote aliyoulizwa, kabla hajayasahau. Nafasi chache huombwa na wengi, na kukosa siyo ushahidi kwamba hafai. Mkulima wa Hanang mvua ikimkatili msimu mmoja hatupi jembe. Huchagua mbegu upya na kungoja msimu mwingine.