Kupima Vitabu vya Wengine

Wandugu, profesa akikuagiza kupima maandiko juu ya jambo moja, usipange tu: fulani asema hivi, fulani vile. (Mimi nilifanya hivyo, kazi ilirudi na neno moja jekundu: «Na wewe?»)

Tutwae filozofia ya Wabantu. Padri Tempels, mwaka 1945, alifundisha kwamba kwa Mbantu kuwako ni nguvu. Padri Kagame wa Rwanda, mwaka 1956, alianzia katika sarufi ya Kinyarwanda. Hountondji wa Benin, mwaka 1976, aliwapinga wote wawili: mawazo ya kabila zima si filozofia.

Basi, wanagombana juu ya nini? Juu ya neno «filozofia» lenyewe. Andika hilo kwanza, kisha useme nani ana haki, na kwa sababu gani.