Bajeti ya Afya Ilipowekwa Kando ya Vifo

Sera ya afya huandikwa wizarani, ila utekelezaji wake hujifunzwa wilayani, ambako mganga mkuu na timu yake huamua fedha chache ziende wapi. Tanzania ilijaribu somo hilo mwishoni mwa miaka ya 1990, Rufiji na Morogoro Vijijini, kupitia TEHIP, mradi wa Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Kanada.

Kazi ilianzia kwa marehemu. Takwimu za hospitali hazikutosha, kwa kuwa wengi walifia nyumbani bila kuandikwa popote. Wadadisi wakapita kaya kwa kaya. Palipotokea msiba, ndugu waliulizwa baadaye, kwa staha: homa ilianza lini, alikohoa, aliharisha? Madaktari walipitia majibu na kukadiria chanzo cha kifo. Njia hiyo ina mapengo yake. Degedege, kwa mfano, wazazi wengi hawakulihusisha na malaria.

Matokeo yalichorwa kando ya matumizi, ili hata asiye mtakwimu aone. Morogoro, malaria ilibeba asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini ilitengewa asilimia 5 ya bajeti ya 1996. Kifua kikuu, chenye asilimia 4, kilipata 22. Fedha zikaelekezwa zaidi kwenye vyandarua vyenye dawa na mafunzo ya wahudumu wa zahanati, ili mtoto aliyeletwa kwa homa achunguzwe pia nimonia, kuhara na utapiamlo.

Ufinyu wa bajeti, kisingizio cha kila mwaka, haukuwa tatizo pekee: mradi ulikuwa tayari kuongeza hadi dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka, wilaya zikamudu kutumia takriban senti 80.

Rufiji, vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja vilishuka kutoka 100 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000. Kushuka kwa mwaka mmoja hakuthibitishi mengi. Kipimo kizuri zaidi ni ulinganisho na Kilombero na Ulanga, wilaya ambazo hazikuwa na mafunzo hayo: katika miaka miwili, vifo vya walio chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 penye mafunzo. Kitakwimu, tofauti hiyo ingeweza kutokea kwa bahati tu. Gharama za kumtibu mtoto, hata hivyo, hazikuzidi.