Ampli ya besi imeungua: itengenezwe au inunuliwe nyingine?

Ampli ya besi ikinyamaza, watu wa Makiso, hapa Kisangani, huuliza bei kabla ya kuuliza ugonjwa. Fundi naye, kabla hajafungua hata skrubu moja, hutaja dola kadhaa, na mwenye ampli anaanza kuota ampli mpya kutoka Dubai iliyopitia Butembo. Hapo mambo yamekwenda kinyume. Kwanza ijulikane ni kitu gani kimekufa ndani na kimeuawa na nini; bei ifuate baadaye.

Anza na vipimo visivyokula pesa. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, mvua haituachi, na unyevu huo huleta kutu kwenye matundu ya kuchomekea waya. Ampli nyingi za besi zina matundu mawili nyuma yaliyoandikwa SEND na RETURN. Hata usipochomeka kitu, kwenye ampli nyingi sauti hupita hapo kwa kibati kidogo kilichofichwa ndani. Kibati kikishika kutu, taa inawaka na ampli haisemi. Unganisha matundu hayo mawili kwa waya mfupi wa gitaa. Sauti ikirudi, umepona kwa bei ya kusafisha. Wapo waliolipishwa transista kwa kosa la kibati, na fundi hakuwaambia.

Kama bado kimya, ichomoe spika kwenye ampli uipime kwa multimeta. Spika ya omu 8 huonyesha kama 6. Ya omu 4 huonyesha 3 na kidogo. Mita isiposoma kitu, koili imekatika. Kisha sukuma koni polepole kwa ncha za vidole, pande zote sawasawa. Ikikwaruza ndani, koili imeungua au imepinda, hata kama mita inasema ni nzima.

Kipimo cha tatu ni cha fundi, na ndicho kinachonionyesha kama fundi anaijua kazi. Huunga balbu ya wati 100 kwenye njia ya umeme unaoingia ndani ya ampli, balbu ya zamani yenye uzi, maana ya LED haifai hapa. Ampli ikiwashwa, balbu ikamweka kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna kitu kimeshikana ndani, na bila balbu hiyo fyuzi ingelipuka tena. Fundi anayebadilisha fyuzi mara tatu mfululizo bila balbu anakuchezea. Anayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi, mnyang'anye ampli yako uondoke: kesho itaungua transfoma.

Sasa majeraha yenyewe, maana hayalingani. Ampli inayokatika sauti na kurudi ukiigonga huwa na lehemu iliyopasuka, na kwa mji ambako vyombo husafiri juu ya baiskeli za toleka na pikipiki kwenye mashimo, hilo si jambo la ajabu. Kulehemu upya ni kazi ndogo. Mngurumo usiokoma hata ukichomoa gitaa, mara nyingi ni kapasita kubwa zilizozeeka. Nazo ni za kubadilisha bila kuwaza sana. Potensiometa zinazokwaruza ukizizungusha ni za kusafisha tu.

Kubwa ni transista za mwisho, zile zilizofungwa kwenye bati la kupoza joto. Zikifa kwa kushikana, umeme wa moja kwa moja unaweza kuingia kwenye spika na kuchoma koili. Kwa hiyo uliza mara mbili: je, bei uliyonitajia ni ya ampli peke yake, au na spika? Uliza pia transista zinatoka wapi. Aina ya 2SC5200 na mwenzake 2SA1943, zilizotokana na Toshiba, zinaigizwa dunia nzima. Za bandia hucheza vizuri kwa sauti ndogo na kufa siku ya harusi. Usipokee ampli iliyojaribiwa kwa simu. Nenda na gitaa lako, cheza kwa nguvu ya kazini kwa saa nzima palepale, ukigusa bati la joto kila mara.

Spika nayo ina mtego wake. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne hutikisika mara 41 kwa sekunde, na spika ya redio kubwa haihimili hilo, itakwaruza tu, hata kama inaingia kwenye tundu lilelile la bafle, yaani sanduku la spika. Bendi ya Konono N°1 ya Kinshasa walitengeneza maikrofoni kwa mbao na sumaku za magari makuukuu, na mkwaruzo wa vyombo vyao ukawa ndio sifa ya albamu ya Congotronics mwaka 2004. Besi ya kwaya haitaki mkwaruzo huo.

Transfoma iliyoungua, yenye ile harufu ya vanishi inayokaa siku nyingi, ndiyo mpaka wangu. Inaweza kusukwa upya, lakini ningelipa tu kama ampli ni ya zamani, imara, na spika yake ni nzima.

Tufanye hesabu ya mfano. Weka bei utakazotajiwa wewe. Tuseme matengenezo ni dola 90, ampli mpya ikifika Makiso ni 400, na kukodi kwa siku ni 15. Ongeza dola 60 za stabiliza kwenye matengenezo na kwenye mpya vilevile, kwa sababu umeme ulioiua ya kwanza bado uko ukutani. Bwawa la Tshopo, linalotupa umeme, lina mitambo mitatu, si yote inayofanya kazi kila siku, na umeme wa SNEL unaweza kurudi kwa kishindo. Jenereta inayokaribia kuishiwa petroli haina afadhali. Basi ni 150 dhidi ya 460. Hiyo 150 ni sawa na kukodi mara kumi: kanisa linalopiga kila Jumapili linairudisha chini ya miezi mitatu, lakini bendi ya harusi moja kwa mwezi inaweza kukodi karibu mwaka mzima bila hasara. Matengenezo yakipita nusu ya bei ya mpya iliyofika hapa, mimi huacha.

Nasema iliyofika hapa, kwa sababu bei ya Kinshasa haisaidii. Kutoka huko, mto ni kilomita zipatazo 1,700 na majuma kadhaa. Kwa inayotoka Butembo, barabara ya Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende ina matope na mashaka yake. Ndege hutoza kwa kilo. Ampli kubwa yenye spika ndani hupita kilo 30 kwa urahisi. Ampli nyepesi za kisasa zisizo na spika zina kilo mbili tatu, na nauli yake ni ndogo, ila vipuri vyake ni vidogo kama punje na saketi ya umeme wake ni ngumu: ikifa Makiso, mara nyingi imekufa kabisa. Nzito ya zamani ni mzigo, lakini hufunguka na fundi huiona. Inayotoka Marekani, angalia swichi ya volti kabla ya yote. Ya 120 haiwezi kuchomekwa kwenye 220 yetu.

Njia ya katikati husahaulika. Kama kilichokufa ni ampli na bafle ni nzima, nunua kichwa kidogo peke yake, yaani ampli isiyo na spika, na spika yako ibaki, mradi omu zikubaliane. Kama kanisa lina mikisa na spika kubwa, kisanduku cha DI kinaingiza besi humo moja kwa moja, kwa bei ndogo kuliko matengenezo yoyote makubwa.

Kwa fundi, patana kwa maandishi: pesa ya kufungua ni ngapi hata asipotengeneza, avansi ya vipuri ni ngapi, na vipuri vilivyotolewa ni vyako. Bei ikitajwa kwa dola, kubalianeni siku hiyohiyo kiwango cha faranga, na kagua noti zako, kwani yenye mpasuko mdogo itakataliwa. Ukiamua kuiacha, usimwachie bure: bati la joto, transfoma nzima, sumaku na sanduku vina mnunuzi karibu na Soko Kuu, na bei yake ikatwe kwenye pesa ya kufungua.