Kikulacho kichwani ki kofiani mwako

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mwili una maradhi mengi ya kufichwa, lakini hakuna yafichikayo kwa wepesi kama ya kichwa. Mwanamume huvaa kofia, mwanamke hujitanda mtandio, na mtoto wa chuoni hufunikwa kichwa tangu asubuhi. Chini ya vitambaa hivyo, msomaji mpenzi, mna vichwa vingi vyenye vidonda ambavyo hupona wiki mbili vikarudi wiki ya tatu, na wenyewe wamekwisha kuvizoea kama mtu azoeavyo mlango unaolia.

Ukimwuliza mwenye kidonda amekitia nini, jawabu huwa moja: mafuta. Huyu ametia ya nazi, yule ya mbarika, wa tatu ya habasoda. Mimi si mwenye kuyadharau mafuta hayo. Nimelelewa nayo, na harufu ya tui likichemshwa mpaka likatoa mafuta ndiyo harufu ya nyumba yetu hata leo. Nitakalo kusema ni neno moja tu: kidonda kinachorejea kina mlango kinapoingilia, na mafuta, yawe mazuri namna gani, hayafungi mlango huo.

Tuanze na nazi yenyewe, tusije tukaionea. Mafuta yake yana sifa ambayo mafuta mengine mengi hayana, nayo ni kuingia ndani ya unywele badala ya kukaa juu yake tu. Wataalamu wa India walioyapima wakachapisha matokeo yao mwaka 2003 walionyesha kuwa unywele uliopakwa mafuta ya nazi hupoteza protini kidogo unapooshwa na kuchanwa, kuliko ule uliopakwa mafuta ya alizeti. Basi nyanya zetu waliokuwa wakitupaka usiku wa kuamkia Ijumaa hawakuwa wakibahatisha.

Lakini nywele ni kitu kingine, na ngozi ya kichwa ni kitu kingine. Unywele uliokwisha kutoka nje hauna uhai. Ngozi iko hai: ina jasho, ina mafuta yake yenyewe, na juu yake huishi vijidudu vya jamii ya hamira ambavyo jicho haliwezi kuviona. Vijidudu hivyo ndivyo vinavyohusika na mba, na chakula chake ni mafuta. Kwa mwenye kichwa kizima havina neno. Ama kwa mwenye mba iliyozidi, ile ya magamba ya manjano yanayonata na ngozi iliyoiva inayowasha, kumpaka mafuta kila asubuhi na kuyaacha hapo kutwa ni sawa na kumpikia mwizi. Mafuta yafaa kulainisha magamba. Yapakwe saa moja kabla ya kuoga, magamba yatoke bila kukwaruzwa, kisha yaoshwe yote kwa sabuni. Mba isipokubali, maduka ya dawa huuza sabuni ya maji yenye ketokonazoli, ambayo huachwa kichwani dakika 3 hadi 5 kabla ya kusuuzwa, mara 2 kwa wiki, kwa wiki 2 hadi 4.

Ama mapunye ni habari nyingine kabisa. Mimi nimekaa juu ya mkeka wa chuoni miaka mingi. Tulikuwa tukivuana kofia na kuvalishana, mchezo wa kila siku, na alasiri tukijilaza vichwa vimepangana kama tende kikapuni. Hapakukosa mtoto mwenye mapunye: duara zenye vumbi jeupe kama unga, na nywele zilizokatika zikabaki nukta nyeusi. Wenziwe walimtungia majina, naye akajifunza kutoivua kofia hata wakati wa joto.

Mapunye ni kuvu. Huenda kutoka kichwa hadi kichwa kwa kofia, kitana, foronya na mashine ya kunyolea, na aina nyingine hutoka kwa paka. Huwapata zaidi watoto ambao hawajabaleghe. Ubaya wake ni kwamba kuvu hiyo haikai juu ya ngozi tu, bali huingia ndani ya unywele mpaka shinani, mahali ambapo mafuta na marhamu ya kupaka hayafiki sawasawa. Marhamu yanayoponya choa cha mkono au cha tumbo hayatoshi kuponya choa cha kichwa. Dawa yake humezwa. Mojawapo ni griseofulvini, iliyoanza kutumiwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla yake, hospitali za nchi nyingi zilikuwa zikiwapiga watoto miale ya eksirei kichwani ili nywele zing'oke, na baadaye baadhi ya watoto hao wakaonekana kupata uvimbe wa ubongo na wa tezi ya shingo. Griseofulvini hutumiwa wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi, kwa kipimo cha daktari, nayo huingia mwilini vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Hapa ndipo nazi inapopata kazi yake ya haki: wali wa nazi tumboni, si mafuta utosini.

Naijua nyumba moja mtaani kwetu. Mtoto wa kike wa miaka 8 alitoka duara moja kisogoni. Nyanya yake akamchanganyia mafuta ya nazi na kiberiti upele, dawa ambayo kwa upele hasa ina sifa yake. Duara ikafifia, ikarejea, ikazaa ya pili. Siku za hitima na harusi mama alimfunga mtandio kwa nguvu ili watu wasione. Ikapita miezi. Siku moja kisogo kikavimba, laini kama embe lililoiva mno, usaha ukitoka katika vitundu vingi, na tezi za shingo zimesimama. Jirani akashauri kipasuliwe kama jipu. Kwa rehema ya Mungu mama alikataa, akampeleka hospitali.

Daktari alisema si jipu wala hakipasuliwi. Ni mapunye yale yale, mwili umeyakasirikia. Akaandika vidonge. Uvimbe ukaisha, lakini mahali penye upana wa kikombe cha kahawa nywele hazikuota tena, kwa kuwa mashina yake yamekufa na kovu limekaa. Nyanya alipouliza kama ni dawa yake iliyomdhuru mjukuu, daktari alimjibu kwa upole, "Bibi, si dawa yako. Ni ile miezi iliyopita." Bibi yule akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lau ningaliambiwa kuwa haya yana kidonge, mwanangu, nisingalishika chupa."

Nimeyaandika makala haya kwa ajili ya neno lile.

Sasa tuitazame milango mingine. Kwa mabinti na mama zetu, wa kwanza ni maji. Mwanamke huoga josho, akakoga tena kwa ajili ya joto, akafunga nywele mbichi na kujitanda juu yake, akatoka. Katika hewa yetu ya pwani yenye unyevu, kichwa hicho hakikauki mpaka jioni. Ngozi ikaayo majimaji hulainika, na ngozi iliyolainika huchubuka upesi. Nywele zikaushwe kwanza, na mtandio wa ndani, ule ugusao ngozi, uwe wa pamba na ufuliwe kila uvaliwapo.

Mlango wa pili ni msuko uliokazwa. Msuko wa kuvuta ngozi hata mtu akashindwa kulala si urembo. Vipele vitokavyo kwenye paji na juu ya masikio baada ya kusukwa ni mashina yanayolia, na yakivutwa miaka mingi hufa, nywele zikarudi nyuma zisirejee tena. Wa tatu ni dawa za kulainisha nywele, ambazo nguvu yake ni ya kuunguza: asizipake mwenye mkwaruzo wala kidonda kichwani. Wa nne ni piko. Hina safi ina rangi yake ya wekundu na kwa watu wazima walio wengi haina madhara, lakini weusi wa haraka wa piko hutoka katika dawa ya kutia nywele rangi, na wapo ambao ngozi zao huikataa, kichwa kikavimba na kutoa maji. Aliyewahi kukataliwa nayo hata mara moja asijaribu tena.

Kwa wanaume, mlango ni kinyozi. Wako vijana wengi wenye vipele vigumu kisogoni, pale nywele zinapoishia, vinavyowasha, kutoa usaha, kisha kugeuka makovu manene. Sababu yake kubwa ni kunyolewa mpaka ngozini: nywele zetu za kipilipili zikikatwa mno hujikunja na kuichoma ngozi upya. Dawa ya kwanza ni kuacha nywele kidogo mahali hapo na kuepuka kola na kofia zenye kusugua. Mashine isafishwe kwa spiriti kati ya kichwa na kichwa. Ama wembe uwe mpya kwa kila mtu, awe mzee au kitoto cha kunyolewa nywele za akika, kwa maana wembe wa kushirikiana hupitisha virusi vya ini na vya ukimwi pia.

Na dawa zetu za nyumbani, je? Tuzipange mafungu mawili. Katika fungu la salama namo maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, mafuta ya kulainisha kigaga, na maji ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa yakapoa, kwa kuoshea tu. Tahadhari: mafuta ya mbegu za mwarobaini hayanyweshwi mtoto, yamekwisha kuwatia watoto wachanga maradhi ya ubongo na ini. Katika fungu la hatari namo ndimu, ambayo ikipakwa kisha mtu akatoka juani huweza kuibabua ngozi kama maji ya moto. Mafuta ya taa ya kuulia chawa, ambayo huunguza ngozi, na moto ukikaribia huunguza mtoto mzima. Na majivu, ambayo huziba kidonda juu kikaoza chini. Mtoto mchanga naye asipakwe hina, kwa maana wako waliozaliwa na upungufu fulani wa damu, nao si wachache pwani kwetu, ambao hina huweza kuzivunja chembe zao za damu.

Wako watakaosema kuwa kwenda hospitali kwa kidonda cha kichwa ni kujifedhehesha. Nawakumbusha masahaba wawili. Kaab bin Ujra, mwaka wa 6 wa Hijra, alikuwa katika ihramu huko Hudaibiya huku chawa wakimwangukia usoni. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, hakumwambia avumilie wala afunike. Alimwona, akamwuliza, na ruhusa ikateremka, nayo imo katika aya ya 196 ya Suratul Baqara: anyoe, na fidia yake iwe kufunga siku 3, au kulisha maskini 6, au kuchinja. Wa pili ni yule mtu aliyepokewa habari zake katika mkusanyo wa Abu Daud, aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akalazimika kukoga janaba. Aliwauliza wenziwe, wakamwambia kuwa hawamwoni na ruhusa ya kutayamamu. Akakoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume alikasirika mno, akawalaumu kwa kutouliza ilhali hawajui, na akabainisha kuwa tiba ya kutojua ni kuuliza.

Tazama basi: kidonda kilikuwa cha kichwa, na kilichoua ni jawabu la wasiojua.

Kwa hiyo tuulize mapema. Mtoto mwenye duara zisizo na nywele apelekwe zahanati kabla ya kupakwa lolote, na ndugu zake watazamwe vichwa siku hiyo hiyo. Kitana na kofia yake ziwe zake peke yake. Mtu mzima atokwaye na majipu ya kurudiarudia apimwe sukari, kwani kisukari hujitangaza kwa njia hiyo. Kidonda kilichopita mwezi bila kufunga, hasa kwa mwenye upara, mzee au ndugu yetu mwenye ualbino, kionwe na daktari wa ngozi, kisije kikawa saratani. Homa, uvimbe laini wenye usaha na tezi za shingo si mambo ya kungojea Jumatatu.

Nami kwa kuwa ni mtu wa mashairi, nawaachia ubeti huu mmoja:

Kidonda kirejeapo, usikimbilie chupa,
Angalia kikaapo, kofia uloikopa,
Shungi bichi lifungwapo, kwa haraka na kwa pupa,
Mjuzi umwulizapo, ujinga mbali huchupa.